Walishuka Krete Bila Bunduki: Askari wa Miavuli wa Hitler na Vifaa Vyao



Nimekuwa kimya siku kadhaa, mtanisamehe, kazi za chumba cha habari zilinibana. Leo nimepata upenyo, na nimeamua kumaliza ubishi ambao nilishindwa kuumaliza mezani.

Ilikuwa jioni, tumekaa na jamaa zangu tunapiga soga. Mmoja wetu, mpenzi mkubwa wa filamu za vita, akatuonyesha picha ya kisu cha askari wa miavuli wa Kijerumani wa Vita Kuu ya Pili. Kisu chenyewe ni cha ajabu kidogo. Hakifunguliwi kwa kukunjua kama visu vyetu. Unabonyeza kitufe, unakielekeza chini, ubao wa kisu unatoka wenyewe kwa uzito wake. Unakifungua kwa mkono mmoja tu. "Kaka, hawa watu walikuwa na vifaa bwana," akasema. "Walikuwa mbele ya wakati wao." Wote tukatikisa kichwa.

Nilipofika nyumbani swali likanijia. Hivi kwa nini askari ahitaji kisu cha kufungua kwa mkono mmoja? Jibu ni rahisi: kwa sababu ametua juu ya mti, ananing'inia, mkono mmoja umenaswa, na ana sekunde chache za kukata kamba kabla hajapigwa risasi. Kisu kile kilitengenezwa na mtu aliyejua kwamba mambo yataharibika. Tangu hapo nikaanza kusoma juu ya vifaa vyao kimoja baada ya kingine, na kila kifaa kikanipeleka mahali pamoja: kisiwa cha Krete, Ugiriki, mwezi Mei 1941.

Tuanze na sifa zao, maana sifa walikuwa nazo na hazikuwa za bure.

Askari hawa hawakuwa wa jeshi la nchi kavu. Walikuwa chini ya jeshi la anga la Ujerumani, la Hermann Göring, na kiongozi wao alikuwa Jenerali Kurt Student, rubani wa zamani wa Vita Kuu ya Kwanza. Tarehe 10 Mei 1940, siku Ujerumani ilipovamia nchi za Magharibi, askari wasiozidi 90 walitua juu ya paa la ngome ya Eben-Emael nchini Ubelgiji. Ngome ile ilijengwa kwa zege na chuma, ina mizinga, ina mamia ya askari ndani, na wataalamu wa wakati ule waliihesabu miongoni mwa ngome imara kabisa za Ulaya. Wajerumani walitumia mabomu maalumu yanayoelekeza nguvu yote ya mlipuko upande mmoja na kutoboa chuma. Kesho yake ngome ikasalimu amri. Dunia ikapigwa butwaa.

Lakini hapa kuna jambo ambalo wengi hulipita. Wale wa Eben-Emael hawakuruka kwa miavuli. Walikwenda kwa ndege ndogo zisizo na injini, zilizovutwa angani kisha zikaachiwa zielee kimya kimya mpaka chini. Walitoka mlangoni wakiwa pamoja, silaha mkononi, mabomu mgongoni.

Siku hiyohiyo, kule Uholanzi, wenzao walioruka kwa miavuli kwenye viwanja vya ndege karibu na mji wa The Hague walipata mambo mengine. Waholanzi walipigana, wakavirudisha viwanja vyao, na zaidi ya Wajerumani 1,000 wakapelekwa Uingereza kama mateka. Uholanzi ilianguka baada ya siku chache, kwa hiyo somo hilo likafunikwa na shangwe za ushindi. Nyie mnajua mambo ya ushindi yalivyo. Mshindi hakagui makosa yake.

Sasa tuje kwenye mwavuli wenyewe.

Miavuli yao ilikuwa ya aina iliyoitwa RZ. Wengi walioruka Krete walitumia RZ 16 au RZ 20. Mwavuli ulikuwa mgongoni, na ulifunguka wenyewe: utepe uliofungwa kwenye ndege uliuvuta askari alipotoka. Mpaka hapo hakuna tatizo, hata majeshi mengine yalifanya hivyo. Tatizo lilikuwa sehemu kamba zilipoungana. Katika miavuli ya Waingereza, kamba ziligawanywa zikashikwa juu ya mabega mawili. Askari alishuka amesimama wima, aliweza kuzivuta kamba na kujiongoza kidogo, na miguu yake ndiyo iliyofika chini kwanza. Mjerumani kamba zake zote zilikutana mahali pamoja, nyuma yake, katikati ya mgongo. Muundo huo ulitokana na mwavuli wa Kiitaliano.

Chukua mtoto, mshike fulana nyuma ya mgongo, mwinue. Ndivyo walivyoshuka. Wameinama mbele, mikono na miguu inaning'inia, kamba ziko nyuma hawazifikii. Mjerumani hakuweza kuongoza mwavuli wake kwenda kulia wala kushoto. Upepo ukimpeleka kwenye mti, anakwenda kwenye mti. Upepo ukimpeleka juu ya mtutu wa adui, anakwenda huko huko.

Ukishaelewa hilo, vifaa vingine vyote vinajieleza vyenyewe.

Kwa nini waliruka kutoka kwenye ndege kwa kupiga mbizi, kichwa mbele, mikono imetandazwa kama tai? Kwenye picha za propaganda pozi hilo linapendeza sana, linaonekana ni ushujaa. Ukweli ni kwamba lilikuwa lazima. Kwa kuwa kamba ziko mgongoni, askari aliyetoka wima angekung'utwa vibaya mwavuli unapofunguka.

Kwa nini walivaa pedi nene za magoti na glavu za ngozi? Kwa sababu walitua kwa magoti na mikono, kisha wanabingirika mbele.

Kwa nini kofia yao ya chuma haikuwa na ukingo mpana kama ile ya askari wa kawaida wa Kijerumani? Ili kamba zisinase na upepo usiikamate.

Lile koti lao refu lenye vifungo, ambalo wenyewe waliliita kwa utani "gunia la mifupa", lilivaliwa juu ya vifaa vyote ili visining'inie na kunasa kamba. Akishatua, askari anatakiwa afungue bizimu za mwavuli, avue koti, atoe mikanda na mifuko yake, kisha avivae upya kwa nje. Jaribu kufikiri unafanya hivyo katikati ya shamba la mizeituni, mtu anakulenga.

Na sasa kubwa kuliko yote: bunduki.

Mtu anayetua kwa magoti na mikono na kubingirika hawezi kubeba bunduki ndefu kifuani. Itamvunja mbavu. Kwa hiyo Wajerumani walitia bunduki, rashasha, risasi na dawa kwenye makasha marefu, yakadondoshwa kwa miavuli yake yenyewe. Wachache waliruka na bunduki ndogo za rashasha. Wengi waliobaki walishuka na bastola, mabomu machache ya mkono, na kile kisu cha jamaa yangu. Mpango ulikuwa hivi: ukitua, kimbia ukatafute kasha.

Ndugu msomaji, rudia tena sentensi hiyo. Jeshi lililosifiwa kuwa la kisasa kuliko yote duniani lilikuwa linashusha vijana wake mbele ya adui, halafu linawaambia wakatafute bunduki.

Alfajiri ya tarehe 20 Mei 1941 ndege za Ujerumani zilianza kulishambulia eneo la Maleme na Chania, magharibi mwa Krete. Kisha zikaja ndege za Ju 52 zikiwa zimebeba askari. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia kisiwa kikubwa kuvamiwa kwa njia ya anga. Wapelelezi wa Kijerumani walikuwa wamekadiria kwamba kisiwani kuna askari wa Uingereza wapatao 5,000, na kwamba wananchi watawapokea vizuri. Waliokuwapo walikuwa zaidi ya 30,000, Waingereza, Waaustralia na Wanyuzilandi, pamoja na Wagiriki wapatao 10,000. Zaidi ya hapo, kamanda wao, Jenerali Bernard Freyberg, alikuwa anajua. Waingereza walikuwa wameshavunja siri za mawasiliano ya Wajerumani, na habari za uvamizi zilimfikia mapema.

Batalioni ya tatu ya kikosi cha mashambulizi cha Student iliangushwa mashariki ya Maleme, juu ya Wanyuzilandi waliokuwa wamejificha kwenye mizeituni. Ndege zilishusha watu kutoka kimo cha mita 120 hivi. Katika kimo hicho askari alikaa hewani nusu dakika au chini ya hapo, lakini nusu dakika ni muda mrefu sana kama umening'inia kama kuku sokoni, huwezi kugeuka na huna bunduki. Wengi walifika chini wakiwa maiti. Waliofika hai walikuta makasha yao yameangukia kwa adui, au yako mita mia mbele katika uwanja ulio wazi. Katika batalioni hiyo ya watu wapatao 600, karibu 400 waliuawa.

Kisha wakatokea watu ambao hawakuwamo kwenye ramani ya jenerali yeyote. Wanakijiji wa Krete, wazee, wanawake, hata mapadri, walitoka na walichokuwa nacho: bunduki za kuwindia, shoka, mundu, majembe, visu vya jikoni. Vijana wengi wa kisiwa hicho walikuwa bara na divisheni yao ya jeshi la Ugiriki. Waliobaki nyumbani walimkuta Mjerumani akiwa bado anahangaika na bizimu zake. Wale walioamini kwamba vita ni vifaa walikutana na bibi mwenye mundu, na kwa dakika zile chache bibi ndiye aliyekuwa na silaha bora.

Kule Rethymno, Waaustralia waliteka karatasi za ishara za Wajerumani. Wakazitandaza chini kama zilivyoelekezwa, na ndege za Ujerumani zikawadondoshea mahitaji. Hapo ndipo mtu unacheka, halafu unakumbuka kwamba kuna watu wanakufa.

Mji wa Heraklion nao una habari yake. Ndugu watatu wa ukoo wa kifahari wa von Blücher, Wolfgang, Leberecht na Hans-Joachim, wote askari wa miavuli, wote waliuawa huko. Mkubwa alikuwa na miaka 24. Mdogo alikuwa na 17.

Sasa utaniuliza, kama mambo yalikuwa hivyo, mbona Wajerumani walishinda?

Walishinda kwa uwanja wa ndege. Usiku wa tarehe 20 kuamkia 21 Mei, Luteni Kanali Leslie Andrew, kamanda wa batalioni ya 22 ya New Zealand iliyolinda Maleme, hakuwa na mawasiliano na kampuni zake za mbele. Alidhani zimeshamalizwa. Akawaondoa watu wake kwenye kilima namba 107 kinachoutazama uwanja. Asubuhi Wajerumani wakakuta kilima ni kitupu. Jioni ya tarehe 21 ndege za Ju 52 zikaanza kutua uwanjani, makombora yakiwa bado yanaanguka, zikiteremsha askari wa milimani. Hao walitoka mlangoni kwa miguu yao, bunduki mkononi. Kuanzia hapo mizani ikageuka, na ilipofika tarehe 1 Juni kisiwa kilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Kwa hiyo ukitazama vizuri, mwavuli haukuiteka Krete. Uwanja wa ndege ulioachwa kwa makosa ya mawasiliano ndio ulioiteka.

Gharama yake ilikuwa Wajerumani karibu 4,000 waliokufa au kupotea, wengi wao askari wa miavuli. Mwezi Julai Hitler alimwambia Student kwamba siku za askari wa miavuli zimekwisha, kwa kuwa silaha hiyo inategemea kushtukiza, na sasa dunia nzima imeshaijua. Ujerumani haikufanya tena uvamizi mkubwa wa aina hiyo. Vijana wale walipigana kwa miguu kama askari wengine, Urusi, Afrika Kaskazini, na Monte Cassino nchini Italia.

Kichekesho ni kwamba Waingereza na Wamarekani waliyatazama mapigano yaleyale ya Krete wakaona kinyume. Wao waliona kwamba kisiwa kimetekwa kutoka angani, wakaanza kujenga majeshi makubwa ya miavuli. Tarehe 6 Juni 1944 waliyashusha Normandy, na tarehe 17 Septemba mwaka huohuo yakashushwa Uholanzi. Siku hiyo Student mwenyewe alikuwa Uholanzi na makao yake, akayaona makundi ya ndege yakipita juu ya kichwa chake. Ndoto yake ilikuwa inatimizwa na adui zake.

Na ile shida ya bunduki? Wajerumani waliitatua. Baada ya Krete jeshi la anga lilidai bunduki moja itakayofanya kazi ya bunduki ya kawaida na ya rashasha, nyepesi kiasi cha mtu kuruka nayo. Ndipo ikazaliwa FG 42, yenye uzito wa kilo nne na kitu. Wataalamu wanaisifu mpaka leo, na Wamarekani walichukua mawazo yake walipotengeneza rashasha yao ya M60. Zilitengenezwa kama 7,000 tu. Ilipofika mikononi mwa askari mwaka 1943, hakukuwa na Krete nyingine ya kurukia. Walitibu ugonjwa baada ya mazishi.

Ningeweza kuishia hapa. Jamaa yangu angesema nimeshinda ubishi, tungeagiza soda nyingine. Lakini nilipokuwa nasoma nilikutana na jambo lililoninyima usingizi, na linahusu kazi yangu.

Baada ya ushindi ulienea uvumi kwamba wanakijiji wamewakatakata askari waliokufa. Tarehe 31 Mei 1941 Student alitoa amri ya kulipiza kisasi: vijiji vichomwe, wanaume wapigwe risasi, bila mahakama. Tarehe 2 Juni malori manne yalifika katika kijiji cha Kondomari. Ndani yake walikuwamo askari wa miavuli wa batalioni ya tatu, ileile iliyopoteza watu karibu 400, wakiongozwa na luteni aitwaye Horst Trebes. Waliwakusanya watu wote uwanjani, wakawatenga wanaume, wakawapeleka kwenye mizeituni na kuwapiga risasi. Kumbukumbu za Kijerumani zinataja wanaume 23. Hesabu nyingine zinataja zaidi. Kesho yake kijiji cha Kandanos kilifutwa kabisa, na watu wapatao 180 wakauawa.

Tunajua kwa undani yaliyotokea Kondomari kwa sababu kwenye msafara ule alikuwapo mpiga picha. Jina lake Franz-Peter Weixler. Alikuwa mwanahabari wa jeshi, kazi yake ni kupiga picha za kuwasifu askari wa miavuli. Zile picha za kupiga mbizi kama tai na tabasamu chini ya kofia ya chuma ndiyo kazi iliyowalisha watu kama yeye. Kwa ushahidi alioutoa baadaye, alijaribu kumzuia yule luteni, akashindwa. Akainua kamera, akapiga picha moja baada ya nyingine. Wanakijiji wanakusanywa. Wanaume wamesimama chini ya miti. Askari wamepiga goti, wanalenga. Miili chini.

Picha zile hazikupita kwa mdhibiti. Weixler alizivujisha, na baadaye alikamatwa na polisi wa siri wa Hitler, akashtakiwa kwa uhaini na kufungwa. Mwezi Novemba 1945 aliandika ushahidi wake kwa ajili ya kesi ya Göring kule Nuremberg. Filamu zake zilikaa kwenye nyaraka za taifa za Ujerumani mpaka mwaka 1980, mwandishi wa habari Mgiriki, Vassos Mathiopoulos, alipozikuta na kuzipeleka Ugiriki. Ndipo watu wa Kondomari wakaziona sura za baba na babu zao katika dakika zao za mwisho.

Nimejiuliza mara nyingi, ningekuwa mimi ningefanya nini? Mtu aliyeajiriwa kusifu, anapewa gari la jeshi, anakula chakula cha jeshi, halafu anaona lile. Kuinua kamera hakukumwokoa hata mmoja siku ile. Na mimi sitaki kumfanya malaika; alikuwa amevaa sare yao. Lakini bila yeye tungebaki na picha za tai tu, na amri ya Student ingekuwa karatasi isiyo na sura za watu.

Kwa hiyo kaka, jibu langu la ubishi wa siku ile ni hili. Kisu ni kizuri, nakubali. Ila ukikitazama, kumbuka kijana anayening'inia kwenye mzeituni bila bunduki, kwa sababu mkubwa fulani alipitisha mwavuli mbovu na hakuna aliyethubutu kuuhoji wakati wa ushindi. Kumbuka pia kwamba hasira ya kosa hilo hawakwenda kuimalizia kwa aliyeupitisha. Walikwenda kuimalizia Kondomari, kwa wakulima. Na kwenye orodha yako ya vifaa vya askari wa miavuli wa Kijerumani, ongeza kimoja ulichokisahau: kamera ya Weixler.

Nimemaliza. Mwenye la kuongeza au la kunisahihisha aseme, hapa hakuna bosi.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.